Mayai ya Likizo ya Juni

Jumatatu

Watoto wa kaka wameshuka jana kutoka Lushoto, watatu, na begi moja la nguo na kiroba cha parachichi. Likizo ya Juni watakaa kwangu hapa Ngamiani. Kwa fundi cherehani wa Tanga huu ni mwezi wa sare: wazazi hukumbuka sketi na kaptula shule zinapokaribia kufunguliwa, na kila mmoja anataka ya mwanawe ishonwe kwanza. Nikishakaa kwenye cherehani asubuhi sinyanyuki hovyo. Kwa hiyo nimewagawia kazi. Chai nitapika mimi alfajiri na kuiacha kwenye chupa, mkate utakuwa mezani, mayai watapika wenyewe. Wote, wa kike na wa kiume. Kaka yangu alioa bila kujua kukaanga yai na wifi ndiye aliyelipia hilo miaka mingi.

Mkubwa ni msichana, yuko darasa la sita. Wa kati ni mvulana, darasa la tatu. Kitindamimba ndiye kwanza ameanza shule. Huyo atavunja, atapiga, atamenya, ila jiko hatagusa. Kati ya baraza ninaposhonea na jiko kuna dirisha moja tu. Nikigeuza shingo nawaona.

Leo wamegonga mayai manne kwenye ukingo wa bakuli na maganda yameingia ndani. Kitindamimba aliyafukuza kwa kidole, vipande vikamponyoka, akatia mkono mzima. Nikamwonyesha njia: chukua nusu ya ganda lenyewe, chota nalo. Ukingo wa ganda unaukata ute na kipande kinapanda chenyewe. Kidole kinakisukuma tu. Tena yai ligongwe mezani, mahali bapa. Likigongwa ukingoni, ganda linasukumwa kuelekea ndani.

Mayai yameliwa na changarawe zake. Wa kati amevipanga vipande vyake pembeni mwa sahani, nivione.

Jumanne

Kitunguu kimeungua. Mkubwa alijaza mafuta, akafungua gesi yote, akasubiri mpaka moshi upande, ndipo akatia kitunguu. Kikawa cheusi kabla hajashika mwiko. Mayai yalipoingia yakavimba, yakarusha mafuta, yakawa ya kahawia chini na mabichi juu.

Hili nimelisimamia na cherehani ikangoja. Yai halitaki moto mkali. Ute huanza kuganda kwenye nyuzi joto 62 hivi, na kiini kati ya 65 na 70. Maji yenyewe hayajachemka hapo, maana yanachemkia 100. Mafuta yanayotoa moshi yameshapita mbali mno. Yai likitupwa humo linajikaza, linakamua maji yake, na unachotafuna ni mpira. Watu wazima wengi wanapika hivyo na wanadhani yai ndivyo lilivyo.

Nimewaambia wakaange mayai mawili bila kuyavuruga, moja kwa moto mkubwa na jingine kwa moto mdogo uliofunikwa kwa mfuniko, halafu wote watatu waonje yote mawili. La moto mkubwa lilikuwa na ukingo mkavu uliojikunja na kiini kigumu. La moto mdogo lilikuwa laini pote. Mkubwa na kitindamimba wamelichagua la pili. Wa kati amelichagua la kwanza kwa sababu lina ukoko. Amekula kwa raha na nimemwacha.

Jumatano

Chumvi imetiwa mara mbili. Mkubwa alitia, akaenda kuosha nyanya. Wa kati akaja, akaona bakuli limewekwa, akatia na yeye. Kitindamimba alikuwa amekaa palepale na uma mkononi, akawaona wote wawili, hakusema. Nilipomuuliza kwa nini, amesema hakuna aliyemuuliza.

Chumvi haitoki kwenye yai. Kinachowezekana ni kuongeza kitu kisicho na chumvi. Kulikuwa na viazi viwili vya jana vya kuchemsha. Vimekatwa vidogovidogo vikaingia, na nyanya mbili, na mayai mengine mawili. Sufuria ikawa ya kulisha watu sita. Vijana wawili wanaoziba viraka vya lami mbele ya nyumba wamepata sahani.

Tumeafikiana: anayepiga mayai ndiye anayetia chumvi, robo kijiko cha chai kwa mayai manne, kabla hayajaingia kwenye kikaango, na anasema kwa sauti, "Nimetia."

Alhamisi

Wametaka ya kuchemsha. Wa kati alisubiri maji yachemke, vizuri kabisa, kisha akaliachia yai kutoka juu. Likapasuka chini ya sufuria, ute ukatoka na kuganda majini, nyuzi nyeupe zikazunguka. Mengine mkubwa akayateremsha kwa kijiko na hakuna lililopasuka.

Akayaacha motoni kwa muda wa kwao. Yalipokatwa, kiini kilikuwa kimezungukwa na duara la kijani lenye harufu. Wa kati akasukuma sahani. "Shangazi, hili limeoza."

Halikuoza. Kiini kina madini ya chuma, ute una salfa, na yai likikaa motoni muda mrefu vitu hivyo viwili hukutana mpakani na kuacha rangi hiyo. Halimdhuru mtu. Ladha ndiyo hupungua, na kiini hukauka kiasi cha kumkwama mtu kooni.

Sababu ya kuzidisha muda niliipenda, nikawaeleza na sindano mkononi. Lushoto iko juu, mita 1,400 hivi kutoka usawa wa bahari. Huko hewa ni nyepesi na maji huchemka yakiwa na nyuzi 95 hivi. Sisi tuko ufukweni, maji yanafika 100. Mapovu ni yaleyale ukiyatazama, lakini ya Tanga yana moto zaidi, kwa hiyo yai linaiva mapema. Mama yao hakuwafundisha vibaya. Amewafundisha dakika za mlimani.

Mkubwa amechukua daftari la hesabu na kuandika: Tanga dakika 10 tangu yai liingie kwenye maji yanayochemka, kisha litiwe kwenye maji baridi, nyumbani ongeza dakika mbili.

Ijumaa

Jana jioni nilinunua trei nzima. Kitindamimba aliona mayai mawili yana kinyesi cha kuku. Akachukua beseni, akachukua sabuni ya unga, akaosha yote 30, akayarudisha kwenye trei yakiwa yamelowa, akaja kuniita nikaone. Yalikuwa yanameta.

Nimemshukuru kwanza, kwa sababu alifanya kazi ya saa nzima bila kuvunja hata moja. Kisha nikamweleza. Ganda la yai lina maelfu ya vitundu visivyoonekana, yai hupitishia hewa humo. Kuku anapotaga, juu ya ganda hubaki utando mwembamba unaoviziba. Maji na sabuni huuondoa, na unyevu unaweza kupenya na vijidudu vilivyokuwa nje. Marekani mayai huoshwa viwandani kabla ya kuuzwa, na ndiyo sababu huko lazima yakae kwenye baridi. Hapa tunayanunua hayajaoshwa na yanakaa mezani salama. Lenye uchafu lisuguliwe kwa kitambaa kikavu. Cha kuosha ni mikono, kabla ya kushika yai na baada ya kulivunja, kwa sababu salmonela hukaa kwenye maganda.

Sasa yalitakiwa yaishe. Yaliyotosha friji ndogo ya jirani yakaingia huko. Mengine tumeyachemsha, na mchana tumekula mchuzi wa mayai kwa tui zito la nazi na wali. Wateja wawili waliokuja kuchukua kanzu za Ijumaa wameondoka na mayai mifukoni.

Jumamosi

Bibi jirani ametuletea mayai matano ya kienyeji, yametagwa leo asubuhi, moja bado lina vuguvugu. Wakayachemsha kwa muda ulio kwenye daftari, wakayatia kwenye maji baridi, wakaanza kumenya. Hayakumenyeka. Ganda lilitoka na ute, vipande kwa vipande, mayai yakabaki na mashimo mpaka kwenye kiini. Kitindamimba, ambaye kumenya ndiyo kazi yake na anaiheshimu, aliweka la pili chini na machozi yakamlenga.

Sikutaka aamini kwamba mikono yake ndiyo mibaya. Yai bichi la leo lina hewa ya ukaa nyingi kwenye ute, na ute wa namna hiyo hung'ang'ania ngozi ya ndani ya ganda. Siku zikipita hewa ile hutoka kupitia vitundu, na yai humenyeka vizuri. Yai la leo ni la kukaanga, la wiki iliyopita ni la kuchemsha. Nikampa mawili ya dukani yaliyochemshwa jana. Ganda likatoka kwa mapande makubwa. Ameyahifadhi mapande hayo kwenye kopo, sijui ya nini.

Wakaleta na neno la rangi. Kiini cha kienyeji kilikuwa cha manjano iliyokolea, cha dukani kimepauka, na wa kati akasema la dukani ni yai la uongo. Si la uongo. Rangi inatoka kwenye chakula. Kuku wa bibi jirani anakula majani na wadudu uani. Kuku wa bandani analishwa chakula cha madukani chenye pumba na mahindi meupe, ambayo hayana rangi ya kumpa. Anayelishwa mahindi ya njano naye hutaga kiini cha njano.

Jumapili

Gesi imeisha mayai yakiwa nusu. Mkubwa hakuhangaika. Akafunika kikaango, akangoja, na joto lililobaki chini likamalizia kazi. Akanifuata barazani kuniambia gesi imekwisha na chakula kiko tayari, kwa mpangilio huo.

Jumanne

Kitindamimba ameokota yai nyuma ya choo cha bibi jirani, chini ya makuti, akalileta kwa siri ili lihesabiwe kuwa mchango wake. Akalivunja mwenyewe kwenye bakuli ambalo tayari lilikuwa na mayai manne. Lilikuwa viza. Nyumba nzima tumetoka nje. Mteja aliyekuwa anapimwa kiuno ametoka na futi ikiwa bado inaning'inia kiunoni.

Mayai yote matano yamekwenda shimoni. Bakuli limeoshwa kwa sabuni na ndimu, na bado nikilinusa nahisi.

Kanuni mbili zimeingia jikoni leo na nitazisimamia mpaka waondoke. Kila yai livunjwe kwanza kwenye kikombe, peke yake, likaguliwe, ndipo liungane na wenzake. Na yai usilojua asili yake litiwe kwenye maji baridi kabla ya kuvunjwa: likilala chini ni la karibuni, likisimama wima ni la siku nyingi lakini huenda linalika, likielea liache. Ndani ya yai, upande ule mnene, kuna chumba cha hewa, na kadiri unyevu unavyotoka chumba hicho hukua. Hicho ndicho kinacholinyanyua. Jioni wamelijaribu kila yai lililokuwamo ndani, ndoo imewekwa katikati ya sebule, na kitindamimba ndiye aliyekuwa anatangaza matokeo.

Alhamisi

Wa kati ameungua. Alinyanyua mfuniko wa sufuria kwa mkono mtupu akiuelekeza kwake, mvuke ukampiga vidole viwili. Nimesikia sauti ya mfuniko sakafuni kabla ya kusikia yake.

Nilipofika jikoni mkubwa alikuwa ameshazima moto na ameshamshika mkono. Bibi jirani naye alikuwa mlangoni, na kikombe chenye ute wa yai bichi, kwa sababu yeye alilelewa hivyo: anayeungua hupakwa ute. Nimeikuta dawa hii katika nyumba nyingi, na dawa ya meno, na mafuta ya kupikia, na asali. Bibi ni mtu mzima na moyo wake ni mweupe, lakini ngozi ya mtoto haikuwa mahali pa kuoneana haya.

"Shikamoo bibi. Asante sana. Huo hatutampaka."

"Marahaba. Mimi nimewakuza saba kwa huo, mwanangu."

"Najua, bibi. Njoo unishikie mkono wake hapa bombani, mimi nimtazame usoni."

Tumemweka chini ya maji ya bomba yanayotiririka, ya kawaida, yasiyo ya barafu, dakika 20 kamili. Joto linaendelea kuchoma ndani ya ngozi hata mkono ukishatoka kwenye mvuke, na maji ndiyo yanayolitoa. Ute mbichi hauna nguvu hiyo. Unakauka juu, na unaweza kuingiza vijidudu pale ngozi ilipofunguka. Dakika 20 ni nyingi kwa mtoto aliyesimama. Bibi alimsimulia hadithi ya sungura na fisi mpaka mwisho, akaanza ya pili. Vidole vilibaki vyekundu, lengelenge dogo likatokea kwenye kimoja. Halijapasuliwa na halitapasuliwa. Limefunikwa kwa kitambaa safi chepesi. Jeraha lingekuwa kubwa kuliko kiganja chake, au lingekuwa usoni, tungekuwa tumeshafika hospitali.

Mvulana ameuliza kama kesho ataruhusiwa kupika. Nimemwambia ndiyo, kwa mkono wa pili na kitambaa, na mfuniko ataunyanyua akiuelekeza upande wa pili ili mvuke utokee huko. Mtoto akifukuzwa jikoni siku aliyoungua atajifunza kuliogopa jiko tu. Mkubwa ameukaanga ule ute wa bibi na kumrudishia juu ya mkate.

Jumamosi

Chipsi mayai. Walinunua chipsi za mia tano kwa muuzaji wa kona ili wamalizie nyumbani. Zikasambazwa kwenye kikaango, mayai matatu yaliyopigwa yakamiminwa juu, moto mdogo, mfuniko. Mpaka hapo kila kitu kilikwenda sawa. Ikabaki kugeuza. Wa kati amewaona wauza chipsi wanavyorusha, akataka kurusha. Mkubwa akamkatalia, wakavutana mpini, nusu ikabaki kwenye kikaango na nusu ikaenda sakafuni. Paka wa jirani alikuwa dirishani na hakupoteza muda.

Njia ya nyumbani ni sahani. Ifunike kikaango kwa sahani bapa, shika vyote viwili kwa kitambaa, pindua vyote kwa pamoja, kisha telezesha kutoka kwenye sahani kurudi kikaangoni upande mbichi ukiwa chini. Mara ya pili wamefanya hivyo na imegeuka nzima. Kitindamimba amepiga makofi. Paka amerudi, amekaa hadi tulipoosha vyombo.

Jumatano

Sikuamshwa na mtu. Nilipotoka chumbani nimekuta sahani yangu mezani imefunikwa: mayai mawili ya kuvuruga, kitunguu kimelainika bila kuungua, nyanya imetiwa mwishoni ili isimwage maji, vipande vya parachichi pembeni. Mpini wa kikaango umegeuziwa ndani, mbali na anayepita. Mtungi umefungwa. Maganda yamo kwenye kopo la takataka na mikono imeoshwa, nimewanusa. Chumvi ilikuwa ya kutosha kabisa. Nimekula yote, nikawaambia ni mazuri, na nikawaambia kwa nini ni mazuri, kimoja baada ya kingine, maana mtoto anayesifiwa tu bila kuambiwa sababu hawezi kulirudia alilolifanya.

Sare mbili zimechelewa asubuhi hiyo.

Jumapili

Wameondoka na basi la asubuhi. Mkubwa amebeba daftari la hesabu lenye kurasa za mayai, wa kati amenionyesha vidole vilivyopona, kitindamimba ameondoka na kopo lake la maganda.

Jumanne

Wifi amepiga simu nikiwa napiga pasi. Salamu ndefu, habari za kaka, habari za baridi ya huko. Kisha akasema watoto wamebadilika, wanaamka kabla yake, anakuta kifungua kinywa tayari, hata kikaango kimeoshwa. Akashukuru. Akanyamaza kidogo.

"Wifi, nilikuwa nimekusanya mayai kumi na moja kwenye kikapu, ya kumwekea tetea aatamie. Leo asubuhi nimeyakuta mezani yamechemshwa."

Nikasikia sauti ya mkubwa nyuma yake, inapaa ili inifikie: "Shangazi, tumeongeza dakika mbili! Hakuna hata moja lililokuwa na kijani!"

Nimemwambia wifi kwamba mayai mengine ya kuatamiwa ayawekee alama ya kalamu ya risasi, ganda moja moja, na awaeleze watoto wote watatu alama hiyo ni ya nini. Kaka amekula manne.